Bosi hataki niende Stockholm, nami nimechoka kuchora peke yangu

Mshauri, hujambo?

Mimi ni daktari wa saratani upande wa tiba ya mionzi, ile ambayo wagonjwa wetu huku huiita "kuchomwa". Nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Nilimaliza uzamili miaka miwili iliyopita nikaajiriwa katika kituo kimoja hapa Kisumu. Wa fani hii tuko wawili tu, mimi na bosi wangu, mzee aliyeifanya kazi hii zaidi ya miaka 20. Wagonjwa wanatoka Siaya, Homa Bay, Busia, Vihiga, wengine Migori.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mwezi wa Novemba nilimpangia matibabu mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi: Grei 45 (Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25, halafu mionzi ya ndani, tunayoiita braki. Nilichora mipaka ya eneo la kuchomwa kwenye picha za CT usiku, watoto wakiwa wamelala. Asubuhi bosi alitia sahihi akiwa amesimama mlangoni, kompyuta hakuitazama. Kipindi cha 12, kijana wa mashine akaniita. Picha ya asubuhi ilionyesha kibofu kimenywea na ncha ya mji wa mimba imelala nyuma, nje kabisa ya mstari wangu. Tulisimamisha, nikachora upya, mpango ukatengenezwa upya, akaendelea. Hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu siku hiyo kila ninapochora najiuliza ni wangapi wengine ambao hakuna aliyewaona.

Nilikuwa nimetuma ikisiri kwa kongamano la ESTRO, kile chama cha Ulaya cha wataalamu wa tiba ya mionzi, kuhusu wagonjwa wetu wanaokatiza matibabu kwa kukosa nauli. Imekubaliwa kama bango. Kongamano ni Stockholm, katikati ya Mei. Nimepata msamaha wa ada ya kiingilio, lakini tiketi, hoteli, viza na siku chache za kutembelea hospitali moja ya huko vinakaribia shilingi 300,000. Sacco yangu iko tayari kunikopesha. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, hajakataa, ila mkopo huo ndio tuliokuwa tumeuwekea ploti.

Bosi naye amekataa kutia sahihi likizo. Alisema, "Vyama hivyo ni vya kupiga picha na kula bufee. Mimi nimefanya kazi miaka yote hii bila chama." Nimefikiria kwenda kwa likizo ya kawaida bila kumwambia niendako. Nimefikiria pia kuacha kazi nihamie Nairobi, mahali ambapo daktari hachori peke yake. Lakini braki ninaifanya mimi. Yeye aliacha kuweka vifaa vyake mwilini mwa mgonjwa miaka mingi iliyopita. Nikiondoka, akina mama hao watafanyiwa na nani?

Niende au nisiende? Na je, mtu anayehitaji kuangaliwa kila mstari anafaa kweli kuitwa daktari bingwa?

Mchora Mistari,
Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Daktari, dada yangu, asante kwa barua yako. Nimeisoma mara tatu. Umeuliza kuhusu Stockholm, lakini nusu ya barua inamhusu mama mmoja na ncha ya mji wake wa mimba. Niruhusu nianze na huyo, kwa sababu nadhani ndiye aliyekufanya uandike.

Mji wa mimba hautulii. Kibofu kikijaa unainuka, kikinywea unaanguka, na ncha yake inaweza kusogea sentimita kadhaa kati ya siku moja na nyingine. Picha za CT zikipigwa mara moja, kibofu kimejaa, mstari utakaochora ni wa kweli kwa dakika ile tu. Ndiyo maana vituo vingi hupiga picha mara mbili, kibofu kikiwa kimejaa na kikiwa tupu, kisha daktari huchora eneo linalomeza nafasi zote mbili. Na mgonjwa hupewa utaratibu wa maji: akojoe, anywe karibu nusu lita, asubiri kama dakika 45, kila siku vilevile. Utaratibu huo huvunjika kirahisi. Mtu aliyetoka Homa Bay kwa matatu ya alfajiri hanywi maji njiani, akifika anaitwa moja kwa moja mezani. Wiki ya tatu kibofu chenyewe kinawasha kwa sababu ya mionzi na hawezi tena kuzuia mkojo. Sasa niambie: hilo ni kosa la mkono wako, au ni kosa la chumba cha CT kutokuwa na utaratibu ulioandikwa? Siamui. Nakuuliza kwa sababu umelibeba lote wewe.

Jambo moja la kufanya kabla ya yote, kama bado: keti na mwanafizikia wenu mjumlishe dozi ya vile vipindi 12 vya mpango wa kwanza na 13 vya mpango wa pili, muone ile ncha ilikosa kiasi gani. Pengine ni kidogo, pengine si kidogo. Mionzi ya ndani hulenga zaidi mlango wa kizazi kuliko ncha ya juu, kwa hiyo usikimbilie kudhani kwamba braki imefidia. Jibu liandikwe katika faili la mama huyo na liongoze namna mtakavyomfuatilia. Namba ikishajulikana, angalau utakuwa unahangaikia kitu chenye ukubwa wake.

Kuhusu swali lako la mwisho. Umeandika kana kwamba kuangaliwa ni jambo la mwanafunzi. Katika vituo vikubwa mabingwa wa miaka 30 huweka michoro yao ukutani kila wiki mbele ya wenzao, na tafiti zilizokusanya matokeo ya mapitio hayo zimeona kwamba karibu mpango mmoja katika kila kumi hubadilishwa. Mmoja katika kumi, mikononi mwa watu wenye MRI (picha za sumaku, zinazoonyesha uvimbe vizuri kuliko CT), wanafizikia watano na chai ya saa nne. Kwa hiyo siulizi kama unahitaji jicho la pili. Nauliza kwa nini ulijifunza kuona haya kuhusu hilo, na kama bosi wako naye alijifunza haya hiyohiyo mahali fulani, miaka ambayo nchi nzima ilikuwa na mashine za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa vyama. Bosi amesema bufee, na bufee ipo, tusidanganyane. Mtu anaweza kukaa siku tano kwenye kongamano la maelfu ya watu, akapiga picha mbele ya bango lake, akarudi na mkoba wa nembo na asijuane na mtu yeyote. Yule anayefaidika huwa ameanza kazi wiki sita kabla: amesoma programu, amechagua watu wanne ambao kazi yao inafanana na shida yake, amewaandikia barua pepe ya mistari mitano akiomba dakika 15 za kahawa. Na anabeba swali lenye makali. Si "naomba ushauri kuhusu saratani ya mlango wa kizazi", bali "nina CT tu, sina MRI siku ya braki, mgonjwa ana uvimbe uliofika ukutani mwa nyonga, ungechora wapi?" Swali la namna hiyo humfanya hata profesa aweke kikombe chini.

Ila lipime na hili. Mafunzo mengi ya Ulaya ya braki yamejengwa juu ya MRI, tangu mapendekezo ya mwaka 2005 ya GEC-ESTRO, kundi la braki ndani ya ESTRO. Ukienda bila kulijua hilo, utarudi na mbinu usizoweza kuzitumia na moyo mzito kuliko ulioondoka nao. Mwaka 2021 yalitolewa mapendekezo ya pamoja ya kuchora kwa CT pekee, na hayo ndiyo ningeyasoma kwanza kama ningekuwa na mashine uliyo nayo. Unapochagua hospitali ya kutembelea, waulize kabla: mnafanya braki kwa CT? Wakisema hapana, siku hizo chache zinakugharimu nini na zinakupa nini?

Tena, chama na safari ni vitu viwili. ESTRO ina warsha za kuchora kwa mtandao ziitwazo FALCON: unapewa picha za mgonjwa mmoja, unachora ukiwa nyumbani, mwalimu anaonyesha mistari ya wote juu ya picha moja, kila mtu anaona alipoteleza, halafu mnachora tena. Hicho ndicho hasa ulichokikosa Novemba, na hakihitaji viza. Kina ada, na viwango vya uanachama hupungua kwa vijana na kwa nchi za kipato kidogo, lakini soma masharti kwa makini. Benki ya Dunia inaiweka Kenya katika kipato cha kati cha chini, na baadhi ya punguzo hufika nchi za kipato cha chini kabisa tu. Wengi hujaza fomu yote ndipo wagundue.

Karibu zaidi kuna KESHO, chama cha wataalamu wa damu na saratani hapa nchini (jina lenyewe utadhani ni ahadi), chenye kongamano kila mwaka. Kuna AORTIC, shirika la Afrika la utafiti na mafunzo ya saratani, lililoanzishwa 1983, linalokutana kila baada ya miaka miwili. Huko utakutana na watu kutoka Dar es Salaam, Kampala na Kigali wenye mashine kama yako na nauli za wagonjwa kama za wako. Pengine ikisiri yako ingezua mjadala mrefu kule kuliko Stockholm. Au pengine unataka hasa wasikilizaji wa Ulaya, na hilo nalo si dhambi.

Misaada ipo pia. UICC, muungano wa kimataifa wa kupambana na saratani, hutoa ufadhili wa kwenda kujifunza ufundi mmoja kwa kama mwezi. Chama cha ASCO cha Marekani kina tuzo ya IDEA kwa madaktari wachanga wa saratani kutoka nchi zinazoendelea, na mshindi hupewa mlezi wa kitaaluma. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, hugharamia mafunzo, ila huwezi kujipeleka mwenyewe: jina hupitia taasisi yako na serikali, na safari ya karatasi hizo ni ndefu. Popote utakapopeleka maombi, uliza mapema kama fedha hutolewa kabla au hurudishwa baada ya safari. Zikirudishwa baadaye, mkopo wa Sacco utauhitaji hata hivyo.

Umeona kinachojirudia? Karibu kila fomu ya aina hiyo ina nafasi ya barua ya msimamizi. Ukienda Stockholm kwa likizo ya kimyakimya, bango lako lina jina la kituo, na picha zitafika simu yake kabla hujapanda ndege ya kurudi. Sisemi hutafanya hivyo. Nasema mwakani, ukitaka ufadhili wa UICC, barua utaiomba kwake.

Basi tumtazame huyu mzee kwa upande mwingine. Umepokea maneno yake ya bufee kama dharau, na huenda ndivyo. Lakini jiweke kwenye kiti chake: madaktari wawili, mmoja hagusi tena vifaa vya braki, na mwenye kuvigusa anaomba kuondoka siku kumi hivi. Je, inawezekana ameogopa, na woga wa mkubwa mara nyingi hutoka ukiwa umevaa dhihaka?

Nifungue kalenda pamoja nawe. Chukua mama anayeanza Jumatatu tarehe 13 Aprili. Vipindi 25 vingekwisha Ijumaa ya tarehe 15 Mei, lakini Mei Mosi ni Ijumaa na ni sikukuu, kwa hiyo vinaisha Jumatatu tarehe 18. Wewe uko Stockholm, tuseme umeondoka tarehe 13 na unarudi kazini tarehe 25. Matibabu yote, ya nje na ya ndani, yanatakiwa yasizidi siku 56, na siku ya 56 kwake ni tarehe 7 Juni. Kama braki ni Grei 7 mara nne na mnaifanya mara moja kwa wiki kuanzia tarehe 25, ya mwisho inaangukia tarehe 15 Juni, siku ya 64. Amepita. Mkifanya mara mbili kwa wiki, mkikumbuka kwamba Jumatatu tarehe 1 Juni ni Madaraka, zinaingia tarehe 25 na 28 Mei, 2 na 5 Juni. Siku ya 54. Amewahi, lakini hakuna nafasi ya mashine kuharibika wala stima kupotea.

Kisha kuna chanzo chenyewe, ile punje ya iridiamu inayotoa mionzi ya braki. Iridiamu hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya siku 74 hivi, ndiyo maana hubadilishwa kila miezi mitatu au minne. Kipindi kinachochukua dakika 6 chanzo kikiwa kipya huchukua karibu 12 baada ya siku hizo 74. Kama chanzo chenu kitakuwa kimechoka mwishoni mwa Mei, kuwabana wagonjwa mara mbili kwa wiki kutawakalisha mezani muda mrefu, na orodha ya siku itamwagika hadi jioni. Kama ni kipya, mambo ni mengine.

Karatasi moja yenye majina ya wagonjwa wa Aprili na Mei, siku ya kwanza ya kila mmoja, siku yake ya 56, na tarehe za braki ukiwepo na usipokuwepo: hiyo ni tofauti sana na barua ya mwaliko yenye nembo ya Ulaya. Huenda ukimpelekea akalainika. Huenda pia karatasi hiyohiyo ikakuonyesha wewe mwenyewe kwamba mama watatu hawana pa kwenda wiki hiyo, isipokuwa kituo kingine, Nakuru au Eldoret, kikubali kuwapokea, na hilo huombwa mwezi mzima kabla, si wiki moja. Uwe tayari kwa majibu yote mawili kabla hujaiandika.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja. Kikao cha dakika 45 kila wiki kwa mtandao, madaktari wanne au watano wa vituo vidogo, tuseme Kisumu, Eldoret, Nakuru na mmoja wa Nairobi. Kila mmoja analeta mgonjwa ambaye hajaanza, au hajavuka kipindi cha tatu, maana mapitio baada ya hapo ni ya kujuta tu. Picha 150 za CT ni karibu megabaiti 75, hivyo usitume faili; onyesha skrini. Ondoa jina, namba ya hospitali na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kufungua, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitambui kisingizio cha "kikundi chetu cha WhatsApp ni cha madaktari tu". Njoo na mchoro wa ulichokipapasa kwa vidole ulipompima mgonjwa. Bila huo wenzako wanakisia tu. Na mmoja aandike nini kilibadilishwa, kwa nani, kwa sababu gani.

Vikao hivi hufa, nikuonye. Vinawekwa Ijumaa saa kumi na moja jioni vinazikwa kabla ya mwezi kuisha. Au kila mtu analeta mgonjwa rahisi aliyemchora vizuri ili asiaibike, na hapo mnapongezana tu. Au mkubwa mmoja anageuza kikao kuwa mtihani na vijana wananyamaza. Ungemwomba bosi wako awe mwenyekiti? Ana miaka 20 ya vidole vilivyopapasa uvimbe ambao wewe umeusoma vitabuni. Lakini ndiye pia aliyetia sahihi akiwa mlangoni, na kumkalisha mbele ya michoro kila Jumanne kunaweza kumfurahisha au kumkera. Wewe unamjua, mimi simjui.

Pesa nazigusa kwa ufupi, maana hapo mwenye neno ni wewe na mwenzako. Mkopo wa 300,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi ya salio, miezi 36, ni karibu 10,000 kila mwezi hadi mtoto wako mkubwa apande madarasa matatu. Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba, kwa hiyo ukiuchukua huu, wa ploti unasubiri. Hata hivyo, mume wako hajakataa. Umemuuliza kwa nini? Inawezekana ameona namna unavyoamka saa nane usiku na anajua kuhusu yule mama kuliko unavyofikiri. Na kama ni viza, ya Schengen ni euro 90, huombwa si zaidi ya miezi sita wala chini ya siku 15 kabla ya safari, na alama za vidole ni Nairobi. Hesabu nauli ya basi la usiku, na siku ya kazi itakayopotea.

Kuhusu kuhamia Nairobi sitasema mengi. Umelitaja kwa sentensi moja na ukaligeuka kwa sentensi iliyofuata. Ningependa tu kujua ni lipi kati ya haya lingekutuliza hata ukibaki Kisumu: kusikilizwa Ulaya, kufundishwa tena, au kuwa na mtu mmoja wa kumpigia simu saa tatu usiku na kumwambia "fungua skrini, tazama mstari huu". Ukitaka lile la tatu, je, huyo mtu unamjua tayari? Darasa lenu la uzamili lilikuwa na wangapi, na wako wapi sasa?

Jumatatu muulize mwanafizikia chanzo kinabadilishwa tarehe ngapi. Ukishajua, niandikie tena.